Dai risiti: namba na maandishi ndani ya C

Hotuba kwa waandishi wa programu, Dar es Salaam

Shikamooni wakubwa, na wenzangu wote habari za asubuhi.

Hapa nchini tumezoea agizo moja: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Ombi langu leo ni tulifuate agizo hilo hilo ndani ya lugha ya C. Kila programu inapogeuza maandishi kuwa namba, au namba kuwa maandishi, C inatoa risiti. Risiti yenyewe huja kwa sura tatu: thamani inayorudishwa na fanksheni, pointa inayoonesha usomaji uliishia wapi, na kigeu kiitwacho `errno`. Wengi wetu tunaitupa pale pale mlangoni. Baadaye elfu kumi na tano inageuka kumi na tano, watu wawili wanakuwa na kitambulisho kimoja, na programu iliyofanya kazi tangu Januari inagoma Agosti. Haya yote nitayaonesha, kila moja na sababu yake.

Kwanza tukubaliane kwamba namba na maandishi ya namba ni vitu viwili. Stringi, yaani maandishi, "15000" ni baiti sita: 49, 53, 48, 48, 48, na sifuri ya kufungia. Namba 15000 yenyewe, ikiwekwa kwenye biti 32 katika kompyuta nyingi tunazotumia, ni baiti nne: 152, 58, 0, 0. Zidisha 58 kwa 256, ongeza 152, utapata 15000. Hakuna baiti hata moja ya tarakimu inayofanana kati ya pande hizo mbili. Kuvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine ni kazi ya hesabu, na hesabu inaweza kushindwa.

Sasa tumchukue mhudumu wa duka Kariakoo. Kwenye kisanduku cha kiasi anaandika 15,000/=, kama tunavyoandika bei wote. Programu inaipeleka stringi hiyo kwa `atoi`, na jibu linarudi 15. Kwa kanuni zake `atoi` haijakosea. Inaruka nafasi tupu za mwanzo, inakubali alama moja ya kujumlisha au kutoa, inasoma tarakimu hadi ikutane na kitu kisicho tarakimu, basi inasimama. Imekutana na mkato, imesimama. Tatizo ni kwamba haisemi kama imesimama njiani. Ukiipa "elfu 15" inarudisha 0, na ukiipa "0" inarudisha 0 hiyo hiyo, wala huna njia ya kutofautisha. Namba ikizidi uwezo wa `int`, kiwango cha C hakisemi kabisa kitatokea nini. Hili ni duka lisilotoa risiti. Kwa chochote kinachotoka kwa mtu, kwenye faili au mtandaoni, achaneni nalo.

Inayotoa risiti kamili ni `strtol` na ndugu zake. Mimi napendelea `strtoll`, kwa sababu `long` ni baiti 8 kwenye Linux ya biti 64 lakini ni baiti 4 kwenye Windows ya biti 64, na `long long` ni angalau biti 64 kila mahali. Matumizi yake ni haya:

```
errno = 0;
char *mwisho;
long long kiasi = strtoll(s, &mwisho, 10);
if (mwisho == s)        return HAKUNA_NAMBA;
if (*mwisho != '\0')    return KUNA_MABAKI;
if (errno == ERANGE)    return IMEZIDI;
if (kiasi < 1 || kiasi > UKOMO) return HAIKUBALIKI;
```

Mstari wa kwanza wengi huuruka. Fanksheni za maktaba ya C hazirudishi `errno` kuwa sifuri zinapofanikiwa. Kosa la dakika kumi zilizopita linaweza kuwa bado limekaa humo. Usipolifuta mwenyewe utasoma risiti ya mteja aliyetangulia. Kisha `mwisho` ikibaki sawa na `s`, hakuna tarakimu hata moja iliyosomwa. Ikielekeza kitu kingine zaidi ya sifuri ya kufungia, kuna mabaki: kwa "15,000/=" itakuwa imesimama kwenye mkato. Na `ERANGE`, yaani namba imezidi, inakuja pamoja na thamani ya juu kabisa au ya chini kabisa ya aina hiyo, kwa hiyo usiiangalie thamani kabla ya kuangalia `errno`.

Basi tufanye nini na 15,000/=? Ondoeni "/=" ikiwa ipo mwishoni kabisa, na ondoeni mikato ikiwa tu kila mkato unafuatwa na tarakimu tatu kamili. Kilichobaki kipelekeni kwa `strtoll`. Mtu akiandika "15,00" msikisie kama alitaka elfu moja na mia tano au kumi na tano na senti sifuri. Kataeni, mmwambie aandike upya. Pesa ya mtu haikisiwi.

Kuna mtego kwenye ile 10 ya mwisho. Hicho ni kizio, yaani msingi wa kuhesabia (base). Ukiweka 0 badala ya 10, fanksheni inaamua kizio yenyewe: "0x" mwanzoni ni kizio kumi na sita, na "0" peke yake mwanzoni ni kizio nane. `scanf` yenye `%i` inafanya vivyo hivyo. Sasa fikirini programu inayosoma mwezi kutoka kwenye tarehe iliyoandikwa kwa tarakimu mbili. "01" hadi "07" zinasomeka vizuri, kwa sababu kwenye kizio nane tarakimu hizo zina thamani ile ile. Agosti ikifika, "08" inarudisha 0, kwa kuwa 8 si tarakimu ya kizio nane na usomaji umesimama mbele yake. Septemba vivyo hivyo. Oktoba inaanza na 1, mambo yanarudi kuwa sawa. Kosa linaloonekana miezi miwili tu kwa mwaka linaweza kupita majaribio yote yaliyofanywa mwezi wa tatu. Andikeni 10. Wala msiweke sifuri mbele ya namba ndani ya msimbo kwa kupendezesha safu: kwa kompaila, `010` ni nane.

Fanksheni za upande usio na hasi nazo zina tabia ya kushangaza. `strtoull` inakubali alama ya kutoa. Ipe "-1" na itarudisha 18,446,744,073,709,551,615 bila kulalamika, kwa sababu kiwango kinasema thamani ikanushwe ndani ya aina hiyo hiyo. Kama hasi haitakiwi, rukeni nafasi za mwanzo na mtazame herufi ya kwanza wenyewe kabla ya kuita.

Hiyo namba ndefu niliyoitaja, 18,446,744,073,709,551,615, ndiyo ukomo wa biti 64 zisizo na alama. Ina tarakimu 20. Shikeni hapo, kwa sababu namba ya kitambulisho cha taifa cha NIDA nayo ina tarakimu 20, na inaanza na tarehe ya kuzaliwa, mwaka ukitangulia. Aliyezaliwa 1990 namba yake inaanza na 1990. Linganisha na ukomo: 1844 na kitu. Ina maana kila mtu aliye hai leo ana namba inayozidi ukomo. Ukiipitisha kwenye `strtoull` bila kuangalia `errno`, kila mwananchi, bibi na mjukuu, anarudi na namba moja: 18446744073709551615. Ukiweka sharti la namba kutojirudia kwenye hifadhidata, mtu wa kwanza anasajiliwa na wa pili anaambiwa tayari yupo. Usipoliweka, wote wanakuwa mtu mmoja.

Kuna anayesema basi atumie `double`, maana ina nafasi kubwa. Nafasi ipo, usahihi haupo. `double` inashika namba kamili zote bila kupoteza hadi 9,007,199,254,740,992, yaani 2 kwa kipeo cha 53. Kwenye ukubwa wa namba za NIDA, hatua kati ya thamani moja na inayofuata ni 4096. Tarakimu nne za mwisho zinaviringwa, na namba mbili zinazokaribiana zinaangukia thamani moja.

Tokeni ya LUKU ni hadithi hiyo hiyo. Ina tarakimu 20 kwa sababu inabeba biti 66, na biti 66 haziingii kwenye 64. Tokeni nyingine zitaingia kwa bahati, zile ndogo, na hapo ndipo hatari ilipo: jaribio litapita, na mteja atakayepata tokeni inayoanza na 5 ataona tarakimu ambazo si zake. Kanuni ninayowapa vijana ni fupi. Kitu usichokijumlisha wala kukitoa si namba, hata kama kimeandikwa kwa tarakimu. Namba ya simu, NIDA, tokeni, namba ya akaunti: wekeni kwenye `char` zenye urefu unaojulikana, mhakiki kwamba kila herufi ni tarakimu, na urefu ni ule unaotakiwa. Mkitumia `isdigit`, mpeni `(unsigned char)c`. Baiti yenye thamani hasi ikiingia humo bila hiyo, tabia ya programu haijaainishwa.

Tugeuke sasa upande wa pili, namba kuwa maandishi. Nataka tuiandike kwa mkono mara moja, kwa sababu mtu akiiandika mwenyewe anaona mitego yote mitatu.

```
char *andika(int32_t n, char b[12])
{
    char *p = b + 11;
    uint32_t u = n < 0 ? 0u - (uint32_t)n : (uint32_t)n;
    *p = '\0';
    do {
        *--p = (char)('0' + u % 10);
        u /= 10;
    } while (u != 0);
    if (n < 0) *--p = '-';
    return p;
}
```

Ipe 507. Pointa inaanza mwisho wa bafa, yaani eneo la kumbukumbu la kuandikia, inaweka sifuri ya kufungia. 507 gawanya kwa 10 baki 7: baiti ya '7' inawekwa kushoto. Inabaki 50. Baki 0, baiti ya '0'. Inabaki 5. Baki 5, baiti ya '5'. Inabaki 0, kazi imekwisha, na pointa inatazama '5'. Tarakimu zinatoka kinyumenyume, ndiyo maana tunajaza kutoka kulia, na hakuna haja ya kugeuza stringi baadaye. Kujumlisha na '0' ni halali kwenye mashine yoyote, kwa kuwa kiwango cha C kinahakikisha herufi 0 hadi 9 zinafuatana.

Mtego wa kwanza ni ukubwa wa bafa. Namba ya biti 32 yenye alama ina tarakimu 10 kwa wingi, alama ya kutoa 1, na baiti ya kufungia 1: jumla 12. Kwa biti 64 ni 21. Anayeweka 10 kwa sababu "namba zetu hazifiki huko" anaandika nje ya bafa siku zitakapofika. Mtego wa pili ni sifuri yenyewe. Ukitumia `while` badala ya `do`, namba 0 inatoa stringi tupu. Mtego wa tatu ndio unaowaponza hata wazoefu: -2,147,483,648. Ukiandika `n = -n`, chanya yake, 2,147,483,648, haiingii kwenye biti 32 zenye alama, na tabia haijaainishwa. Kompaila ina ruhusa ya kudhani haitokei. Ndiyo maana nimeigeuza kuwa isiyo na alama kwanza, kisha nikaitoa kwenye sifuri. Huko hesabu inazunguka kwa kanuni inayojulikana.

Katika kazi za kila siku hatuandiki hii, tunatumia `snprintf`, iliyoingia kwenye kiwango mwaka 1999. `sprintf` haijui bafa yako ina ukubwa gani, hivyo haiwezi kukulinda. `snprintf` inajua, na inatoa risiti nzuri kuliko zote: inarudisha idadi ya baiti ambazo ingeziandika kama nafasi ingetosha, bila kuhesabu ile ya kufungia.

```
char ujumbe[161];
int w = snprintf(ujumbe, sizeof ujumbe,
                 "Ndugu %s, umelipa TSh %" PRId64 ".", jina, kiasi);
if (w < 0)                            return KOSA;
if ((size_t)w >= sizeof ujumbe)       return UMEKATIKA;
```

Alama ni kubwa kuliko au sawa. Ikirudisha 161 kwenye bafa ya 161, herufi moja imekatwa ili kupisha baiti ya kufungia. Na `sizeof` hiyo inafanya kazi kwa sababu `ujumbe` ni safu iliyotangazwa hapo hapo. Ukiipitisha kwenye fanksheni nyingine inakuwa pointa, na `sizeof` inarudisha 8 au 4. Peleka ukubwa kama kigezo cha pili.

Kosa ninalolichukia kuliko yote kwenye `snprintf` limejificha ndani ya msimbo unaoonekana safi. Mtu anajenga risiti ndefu mstari kwa mstari: `mahali += snprintf(b + mahali, sizeof b - mahali, ...)`. Bafa ni 100, mahali imefika 90, mstari unaofuata ulihitaji baiti 30. `snprintf` inaandika 9 na kurudisha 30, kama ilivyoahidi. Mahali sasa ni 120. Zamu inayofuata, 100 kutoa 120 kwenye aina isiyo na alama ni namba kubwa kupindukia, na `snprintf` inaambiwa kuna nafasi isiyo na mwisho kuanzia baiti 20 nje ya bafa. Kinga imegeuka kuwa mlango. Waandishi wa kiini cha Linux wana `scnprintf`, inayorudisha kilichoandikwa kweli, kwa ajili ya hali hii. Sisi wa kawaida tuangalie kila zamu: ikiwa `w` ni hasi au imefikia nafasi iliyobaki, simama.

Kuhusu pesa, neno moja. Biti 32 zinaishia 2,147,483,647. Ukihesabu kwa senti, hiyo ni shilingi 21,474,836 na senti 47, chini ya bei ya magari mengi yanayoshushwa bandarini kwetu. Tumieni `int64_t`, na kuichapisha tumieni `PRId64` kutoka `inttypes.h`. Ukiandika `%d` kwa namba ya biti 64, `printf` haina njia ya kujua ulichompa. Inaamini format peke yake, yaani ile stringi ya kwanza yenye alama za `%`. Bilioni tatu kwenye kompyuta ya kawaida ya biti 64 itatoka -1294967296. Kwenye mashine ya biti 32 ni vibaya zaidi: `%d` inachukua nusu ya namba, na `%s` inayofuata inachukua nusu ya pili ikidhani ni anwani ya jina la mteja.

Na hapa nafika kwenye jambo ambalo Kiswahili chetu chenyewe kinaliongezea ukali. Programu imepokea tangazo la muuzaji, "Punguzo la 50% ndani ya wiki hii", na mwandishi amelichapisha kwa `printf(tangazo)`. Tazameni kilichofuata baada ya alama ya asilimia: nafasi, kisha herufi n. Kwa `printf`, nafasi ni bendera, na n ni amri. `%n` haichapishi kitu. Inaandika kwenye kumbukumbu idadi ya herufi zilizokwisha kuchapishwa, kwenye anwani inayoletwa kama hoja. Hapa hakuna hoja iliyoletwa. Kiwango kinasema `%n` yenye bendera ni tabia isiyoainishwa. Maktaba ikiichukua kama `%n` ya kawaida, itaokota anwani yoyote iliyokutwa na kujaribu kuandika humo namba 13, kwa kuwa "Punguzo la 50" ni herufi 13. "50% sasa" inakuwa `%s` na inasoma kumbukumbu isiyo yake. "10% dawa" inakuwa `%d`. Muuzaji hana nia mbaya, ameandika Kiswahili sanifu. Mwenye nia mbaya atafanya hivyo kwa mpango, na mashambulizi ya namna hii yanajulikana wazi tangu mwaka 2000.

Dawa ni herufi chache: `printf("%s", tangazo)`, au `fputs`. Maandishi yaliyotoka nje yasikae kamwe kwenye nafasi ya format. Kompaila itawasaidia mkiiruhusu: `-Wall -Wformat=2` kwenye GCC inaonya juu ya format isiyo stringi ya kudumu, na fanksheni zenu wenyewe za kuandika kumbukumbu za matukio ziwekeeni `__attribute__((format(printf, 1, 2)))` ili zikaguliwe kama `printf`. Mkijenga kwa `-O2 -D_FORTIFY_SOURCE=2`, glibc, maktaba ya C ya Linux, inasimamisha programu ikikuta `%n` ndani ya format iliyo kwenye kumbukumbu inayoandikika.

Suala la herufi nalo lina sura ya kwetu. Chang'ombe kwa alama iliyonyooka ni baiti 10, na ya kufungia ni ya 11. Simu nyingi zinabadilisha alama hiyo kuwa iliyopinda, ambayo kwenye UTF-8 ni baiti tatu: E2, 80, 99. Jina lile lile sasa ni baiti 12. Ukikata kwenye baiti ya saba, umebakiza E2 na 80 bila 99, na skrini inaonesha alama ya ajabu. Ukilazimika kukata, tazama baiti ya kwanza iliyoachwa nje. Kama biti zake mbili za juu ni 10, yaani `(c & 0xC0) == 0x80`, rudi nyuma hadi baiti isiyo hivyo, ukate hapo. Na ukizichapisha baiti hizo kwa `%02x` ili uzichunguze, kwenye kompyuta nyingi za mezani utaona `ffffffe2` badala ya `e2`, kwa sababu `char` huko ina alama na inapanuliwa kama hasi. Kwenye Linux ya ARM `char` haina alama na unaona `e2`. Tanguliza `(unsigned char)`.

Wanaotuma SMS wana gharama ya ziada. Ujumbe wa alfabeti ya kawaida ya GSM ni herufi 160. Alama moja iliyopinda, ambayo haimo kwenye alfabeti hiyo, inahamisha ujumbe mzima kwenye usimbaji wa herufi 70, au 67 kwa kila kipande ukigawanywa. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa SMS moja unalipiwa SMS tatu. Badilisheni alama iliyopinda kuwa iliyonyooka kabla ya kuhesabu urefu.

Wanaofanya kazi na vidhibiti vidogo, tuseme kifaa cha kupima kina cha maji kwenye simtanki, hesabu yao inabana zaidi. Kwenye AVR kama ATmega328P, kumbukumbu ya kazi ni baiti 2048 na `int` ni biti 16, ukomo 32,767. Kipimo cha biti 10 kinageuzwa kuwa milivolti kwa `adc * 5000 / 1023`. Kipimo kikiwa 6, zao ni 30,000, sawa. Kikiwa 7, zao ni 35,000, limefurika. Kugeuza kuwa biti 32 kufanyike kabla ya kuzidisha: `(uint32_t)adc * 5000 / 1023`. Ukiifunga hesabu yote kwenye mabano ndipo uigeuze, mafuriko yameshatokea.

`%f` hapo isahauni. `printf` ya kawaida ya avr-libc, maktaba ya C ya AVR, inachapisha alama ya kuuliza mahali pa desimali, mpaka uunganishe toleo kubwa linalokula nafasi. Shikeni namba kamili za sehemu ya mia na kuzichapisha kwa `%d.%02d`, ila mkumbuke hasi. -5, yaani -0.05, ukiigawanya kwa 100 inatoa 0 na baki -5, na skrini inaonesha "0.-5". Ukichapisha -105 utaona "-1.-5". Toeni alama kwanza kama herufi peke yake, kisha chapisheni sehemu mbili za thamani isiyo na hasi.

Kasi nayo inahusika. Mwaka 2021 iligundulika kwamba mchezo wa kompyuta wa GTA Online ulichelewa kufunguka kwa sababu, pamoja na kosa jingine, `sscanf` iliitwa mara nyingi juu ya faili moja la megabaiti 10, na kila mara ilipima urefu wa maandishi yote yaliyobaki kabla ya kusoma namba moja. Kurekebisha yote mawili kulipunguza muda wa kusubiri kwa takriban asilimia 70. `strtoll` haina tabia hiyo. Inasoma tarakimu zake na kukupa pointa ya kuendelea nayo.

Mkirudi kwenye meza zenu, wekeni majaribio haya ya kudumu kwenye kila mradi: stringi tupu, nafasi peke yake, "-" peke yake, "+5", "08", "15,000/=", "2147483648", "-2147483648", tarakimu ya 9 mara ishirini mfululizo, Chang’ombe kwa alama iliyopinda, na "50% ndani". Jengeni kwa `-fsanitize=address,undefined` mnapoyapitisha. Yakipita, jengeni tena kwa `-m32`. Kwenye Linux ya biti 64, `int64_t` ni `long`, hivyo `%ld` inapita kimya. Kwenye biti 32 ni `long long`, na `-Wformat` itaonesha mstari kwa mstari kila mahali ambapo `PRId64` ilisahauliwa.